Mgongo wa Kijana Ukianza Kupinda: Mwongozo kwa Mzazi wa Kadutu, Bukavu

Binti yako ana miaka 12. Amerefuka ghafla, sketi ya buluu ya shule iliyomkaa vizuri mwezi wa tisa sasa inapanda upande mmoja, na dada yake anayemsuka nywele amekuambia kombe la bega la kulia limetokeza. Jirani wa kwanza atasema ni bidoni za maji. Wa pili atasema ni mkoba wa madaftari. Wa tatu atakuelekeza kwa mzee anayenyoosha mifupa. Kabla hujampeleka popote, soma haya, kwa sababu miezi ambayo mtoto anarefuka ndiyo miezi ambayo mgongo unaweza kuzuiwa usizidi kupinda. Ukiipoteza kwa waganga wanaovuta na kukanda, hairudi.

Kupinda huku kunaitwa skoliosi. Uti wa mgongo unakwenda kando na pingili zake zinajisokota kwa wakati huohuo, ndiyo maana mbavu za upande mmoja zinajitokeza nyuma. Daktari hupima pembe yake kwenye radio (picha ya eksirei) iliyopigwa mtoto akiwa amesimama, kwa njia aliyoieleza daktari wa mifupa Mmarekani John Cobb mwaka 1948. Kuanzia nyuzi 10 ni skoliosi. Chini ya hapo ni tofauti ndogo ambayo watu wengi wanayo bila kujua. Kati ya vijana 100 wa miaka 10 hadi 18, wawili au watatu wanayo. Kwa karibu 8 katika kila 10 wa hao, chanzo hakijulikani, ingawa inaonekana kufuata ukoo, kwa hiyo ukiikuta kwa mmoja, watazame na ndugu zake. Mipindo midogo huwapata wavulana na wasichana karibu sawa. Mikubwa huwapata zaidi wasichana.

Nataka mama wa Cimpunda au Nkafu aliyemtuma binti yake maji kila asubuhi alielewe hili vizuri: bidoni haikumpinda mtoto. Wala mkoba, wala godoro, wala kukaa vibaya darasani. Mzigo mzito unaweza kuuchosha mgongo na kuuletea maumivu, na ni haki ya mtoto kupunguziwa, lakini hausokoti pingili. Wala hajarogwa. Mkitaka kumwombea, mwombeeni, ila tarehe ya daktari isiahirishwe kwa ajili ya siku za mfungo.

Jinsi ya kumtazama nyumbani

Anza na sakafu. Kadutu imejengwa mteremkoni na nyumba nyingi sakafu yake inainama. Mtoto akisimama juu yake hata mgongo mzima utaonekana umelala upande. Mwaga maji kidogo uone yanakokimbilia, kisha tafuta pembe ya nyumba iliyo sawa. Kama ni binti, atazamwe na mama, shangazi au dada mkubwa, mlango umefungwa, mgongo wazi, miguu peku na imekutana. Mwanga wa dirisha unatosha.

Mtazame kwanza akiwa amesimama wima, mikono imelegea. Bega moja liko juu kuliko jingine? Kombe moja limetoka? Nafasi kati ya mkono na kiuno ni kubwa upande mmoja? Nyonga moja imejaa zaidi? Kisha mwambie aunganishe viganja na ainame mbele polepole, magoti yamenyooka, mpaka mgongo ulale sambamba na sakafu. Wewe kaa nyuma yake, macho yako yawe kwenye kimo cha mgongo. Kama mbavu za upande mmoja, au nyama za kiuno upande mmoja, zimeinuka kuliko za upande wa pili, hiyo ndiyo dalili unayoitafuta. Kipimo hiki kilielezwa na daktari mpasuaji wa Uingereza, William Adams, mwaka 1865, na mpaka leo hakuna kilicho rahisi wala cha kuaminika zaidi kwa mtu asiye na mashine.

Rudia mtoto akiwa ameketi kwenye kigoda, ainame tena. Uvimbe ukipotea, huenda mguu mmoja ni mfupi kuliko mwingine, na tatizo liko chini ya mgongo. Kama simu yako ina kipimo cha usawa, ilaze kwa ukingo wake juu ya mgongo ulioinama, katikati ya sehemu iliyoinuka, bila kuikandamiza. Ikisoma nyuzi 5 hadi 7 au zaidi, mpeleke akaonwe. Usichanganye namba hii na pembe ya radio. Hiyo ya simu inapima msokoto tu, na pembe yenyewe kwa kawaida ni kubwa zaidi.

Piga picha ya mgongo, ihifadhi, isiende kwenye kikundi chochote cha WhatsApp. Mwili wa mtoto ni wake. Chora pia alama ya kimo chake kwenye fremu ya mlango kwa mkaa na andika tarehe. Mtoto anayeongeza zaidi ya nusu sentimita kwa mwezi yuko katika kipindi cha hatari. Kwa wasichana kasi hiyo huwa kubwa zaidi miezi kadhaa kabla ya kuvunja ungo, na hupungua sana miaka miwili hivi baadaye. Wavulana huchelewa kwa karibu miaka miwili. Kwa hiyo mwulize binti, kwa upole na faraghani, kama ameanza hedhi na lini. Daktari mzuri atauliza swali hilohilo, kwa sababu jibu lake linaamua matibabu kuliko ukubwa wa pembe peke yake. Mpindo wa nyuzi 20 hadi 29 kwa mtoto ambaye bado ana urefu mwingi mbele yake huongezeka kwa takriban wawili katika kila watatu. Kwa kijana anayekaribia kumaliza kukua, pembe hiyohiyo huongezeka kwa mmoja katika wanne au chini ya hapo.

Kwanza hakikisha si kifua kikuu

Hapa nitakawia, maana huku kwetu Kivu ndipo makosa makubwa yanapofanyika. Kifua kikuu hakikai kwenye mapafu tu. Kinaweza kuingia kwenye pingili za mgongo, kikazila kwa mbele mpaka zikaanguka, na mgongo ukatoa nundu yenye ncha. Daktari mpasuaji Percivall Pott wa London alieleza ugonjwa huu mwaka 1779, na wauguzi wetu bado wanauita kwa jina lake. Mgonjwa mara nyingi hakohoi hata kidogo, ndiyo maana familia haifikirii kifua kikuu.

Skoliosi ya kawaida ya kijana inakwenda kando, haina homa, na kwa kawaida haiumi sana. Mgongo wa Pott unatokeza nyuma, katikati kabisa, mahali pamoja panapouma ukipagusa. Mtoto anakonda, anatoka jasho usiku, homa inapanda jioni, anakataa kuinama kuokota kitu na badala yake anachuchumaa. Baadaye miguu inakuwa mizito, anajikwaa kwenye ngazi za mtaa alizozizoea tangu utoto. Akifika hapo, hii ni dharura ya siku hiyohiyo.

Dawa za kifua kikuu hutolewa bure Kongo kupitia mpango wa taifa wa kupambana na ugonjwa huo, na matibabu ya mifupa huchukua miezi mingi, mara nyingi 9 hadi 12. Mtoto aliyeanza dawa mapema anaweza kuendelea kutembea kwa miguu yake. Aliyepelekwa kwanza akandwe na kuvutwa anaweza kupooza, kwa sababu pingili iliyooza ikisukumwa inaubana uti wa neva uliomo ndani yake.

Kuna dalili nyingine zinazotaka daktari kabla ya mtu yeyote kuweka mkono: maumivu yanayomwamsha usiku, mkojo unaomtoka bila kutaka, udhaifu wa mguu mmoja, nywele au kishimo kwenye ngozi ya kiuno, madoa mengi ya rangi ya kahawa mwilini, au mpindo ulioanza kabla ya miaka 10. Mtoto aliyewahi kupooza kwa polio naye yuko njia nyingine: mgongo wake unapinda kwa sababu misuli ya upande mmoja imekufa nguvu, na matibabu yake hupangwa tofauti.

Kuhusu kunyoosha na kiropraktiki

Shangazi aliye Brussels au Nairobi atakutumia video ya mtaalamu akiukunja mgongo wa kijana, mlio unasikika, na maandishi yanasema umenyooka. Utaalamu huo unaitwa kiropraktiki. Ulianzishwa na Daniel David Palmer huko Davenport, katika jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1895, na katika nchi kadhaa wanaoufanya husoma miaka mingi na hupewa leseni. Bukavu huwezi kutegemea kumpata. Utakayempata ni mkandaji wa mtaani, ambaye mikono yake inaweza kuwa hodari kwa kifundo kilichoteguka lakini hana radio wala njia ya kujua kilichomo ndani ya pingili.

Lakini tuseme umempata mtaalamu wa kweli, au una ndugu anayeweza kumpokea mtoto nje. Jua hili: hakuna utafiti mzuri ulioonyesha kwamba kusukuma pingili kwa mikono, peke yake, kunapunguza pembe ya skoliosi au kunaizuia isiongezeke. Kunaweza kutuliza maumivu na kulegeza misuli iliyokaza, na hilo si dogo kwa kijana anayeumwa. Lakini mgongo unarudi ulipokuwa, kwa sababu kilichopinda ni mifupa inayokua, haikuteleza kutoka mahali pake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 kuhusu usalama wa kiropraktiki unakataza kabisa kusukuma mgongo wenye kifua kikuu, uvimbe mbaya au mfupa uliovunjika. Kwa hiyo mtu yeyote, mwenye cheti au asiye nacho, anayetaka kumkunja mtoto wako kabla hajaona radio, mshukuru na uondoke.

Wako wataalamu wa kiropraktiki ambao siku hizi huchanganya kazi yao na mazoezi maalumu na korse, yaani ganda la plastiki linaloshika kiwiliwili. Familia wanazozihudumia zikisema mtoto amepata nafuu, mimi naamini sifa ni ya mazoezi na korse, na hivyo viwili unaweza kuvitafuta hapa Bukavu. Mwulize yeyote atakayekutibia: pembe ya mtoto wangu ni nyuzi ngapi, amebakiza kukua kiasi gani, na utajuaje baada ya miezi sita kwamba kazi yako imefaa? Asiyeweza kujibu maswali hayo anakuuzia mtoto wako matumaini matupu.

Radio na mahali pa kwenda

Anza kituo cha afya cha mtaa wako, uombe karatasi ya rufaa. Kutoka hapo utaelekezwa Hospitali ya Dr Rau huko Ciriri, au hospitali kuu ya mkoa, au Hospitali ya Panzi. Omba radio ya mgongo mzima, kuanzia shingo hadi nyonga, mtoto amesimama. Ukipigiwa amelala, pembe itaonekana ndogo kuliko ilivyo na hutaweza kuilinganisha na ya baadaye. Mionzi ikipita kutoka mgongoni kwenda kifuani, matiti ya binti hupata kidogo. Ni haki yako kuliomba hilo. Uliza bei kabla ya kwenda, upate kujiandaa. Ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga ukionekana kwenye picha, daktari ataweza kusoma pia ni kiasi gani cha ukuaji kimebaki, kwa daraja 0 hadi 5 zilizowekwa na daktari Joseph Risser.

Kupima kwa mkono kuna kosa la nyuzi 3 hadi 5. Basi mtoto akitoka nyuzi 18 akafika 20, usilie. Akitoka 18 akafika 25, fanya haraka.

Chini ya nyuzi 20 au 25, mtoto anaangaliwa kila baada ya miezi minne hadi sita na anafanya mazoezi. Kati ya 25 na 40, kama bado anakua, anahitaji korse. Ikipita 45 au 50, mazungumzo ni ya upasuaji.

Kwa mazoezi na korse, jina la kulijua mjini ni Heri Kwetu, kituo cha watu wenye ulemavu ambacho Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imekisaidia. Mwenzake wa Goma ni Shirika la Umoja. Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda, kuna kituo cha Gatagara, kilichoanzishwa na Padri Fraipont Ndagijimana mwaka 1960. Usione haya kumpeleka mtoto mahali panapoitwa pa walemavu. Fundi anayejua kutengeneza mguu wa plastiki anajua pia plastiki ya korse. Mwulize tu kama amewahi kutengeneza ya skoliosi, na ngapi.

Mazoezi

Mazoezi ya skoliosi si yale ya gimu. Kinezi, yaani mtaalamu wa mazoezi ya tiba, anatazama kwanza radio kujua mpindo unaelekea wapi, kisha anamfundisha mtoto mazoezi ya mpindo wake yeye. Mwenye njia maarufu zaidi ni Katharina Schroth, Mjerumani aliyekuwa na mgongo uliopinda yeye mwenyewe, akafungua kituo chake mjini Meissen mwaka 1921. Mtoto anaketi mbele ya kioo, nyayo zimetulia chini. Anajirefusha, utosi unakwenda juu. Anasogeza kifua kirudi katikati kutoka upande kilikokimbilia. Anavuta pumzi akiipeleka kwenye upande uliobonyea, na hapa mama unaweza kusaidia: weka kiganja kwenye bonde hilo, mtoto ajaribu kukisukuma kwa pumzi tu. Akitoa hewa, anakaza misuli bila kushuka kimo. Anarudia.

Nusu saa, siku tano kwa wiki, kwa miaka. Ndiyo, miaka. Utafiti wa Italia uliotolewa mwaka 2014 uliwafuata vijana wenye mipindo ya chini ya nyuzi 25 mpaka walipomaliza kukua. Waliofanya mazoezi ya kujisahihisha walipungua kwa karibu nyuzi 5, na waliofanya mazoezi ya kawaida hawakupungua. Tafiti za namna hii bado ni chache, lakini mazoezi haya hayana hatari, na gharama yake kubwa ni uvumilivu. Kuning'inia kwenye bomba la mlango hakusaidii. Kuogelea ziwani hakunyooshi mgongo, lakini ni kuzuri kwa mapafu. Mpira, kucheza ngoma, kukimbia: usimkataze hata kimoja.

Korse

Mwaka 1741 daktari Mfaransa Nicolas Andry alitoa kitabu chenye mchoro wa mti mchanga uliopinda, umefungwa kamba kwenye mti ulionyooka. Madaktari wa mifupa duniani kote bado wanautumia kama alama yao. Kamba haivutwi siku moja ikafunguliwa. Inakaa wakati mti unakua. Ndivyo korse inavyofanya kazi, na ndiyo sababu saa za kuivaa ni muhimu kuliko uzuri wake.

Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada ulioongozwa na Stuart Weinstein, uliotolewa mwaka 2013, ulionyesha kwamba vijana 72 kati ya 100 waliopewa korse walimaliza kukua wakiwa chini ya nyuzi 50, dhidi ya 48 kwa 100 walioangaliwa tu. Waliovaa kwa saa 13 au zaidi kwa siku, tisa kati ya kumi walifanikiwa. Daktari ataagiza saa nyingi zaidi, mara nyingi 18, naye asikilizwe. Lakini binti akikataa katakata kwenda nayo darasani kwa kuogopa kuchekwa, usimpige wala usimtukane. Hesabu naye: kuanzia saa tisa alasiri hadi saa moja asubuhi ni saa 16. Usingizi unahesabiwa. Binti aliyeshirikishwa katika hesabu ataivaa hata usipokuwepo.

Bukavu iko juu, yapata mita 1,500, na baridi yake ni rehema kwa mvaa korse. Ndani avae singleti ya pamba isiyo na mshono, ivutwe isiwe na mikunjo. Sare inunuliwe saizi moja zaidi. Anaivua kuoga na kucheza michezo. Korse ioshwe kwa maji na sabuni, ikaushwe kivulini. Jua kali na jiko la makala huipinda. Ngozi iliyo chini ya pedi itakuwa nyekundu, au nyeusi zaidi, na inapaswa kurudi hali yake ndani ya nusu saa. Isiporudi, au ikichubuka, rudi kwa fundi aipunguze mahali hapo; usiikate mwenyewe kwa kisu cha moto. Usipake mafuta chini yake, yanalainisha ngozi ikachubuka upesi.

Baada ya mwezi hivi, radio moja ipigwe akiwa ameivaa. Pembe ikiwa imepungua karibu nusu, korse ni nzuri. Isipobadilika, mtoto anabeba plastiki bure na fundi aifanye upya. Kila miezi mitatu au minne ikaguliwe, kwa kuwa mwili unaikimbia.

Korse isipotosha, kuna upasuaji. Upasuaji wa skoliosi ni wa kuunganisha pingili kwa vyuma na skrubu, kazi ya saa nyingi inayotaka timu kamili. Familia za huku hutazama Kigali, Kampala au Nairobi. Afrika Magharibi kuna hospitali ya FOCOS mjini Accra, aliyoianzisha daktari mpasuaji wa mgongo Oheneba Boachie-Adjei. Mpindo wa nyuzi zaidi ya 50 huendelea polepole hata ukubwani, karibu nyuzi 1 kwa mwaka, kwa hiyo kuna wakati wa kutafuta fedha na ushauri wa pili.

Binti atakuuliza, au atamwuliza rafiki yake kama anakuogopa wewe: nitaolewa, nitazaa? Mjibu mapema. Weinstein na wenzake waliwafuata kwa miaka 50 watu wa Iowa ambao hawakutibiwa, na wengi wao walifanya kazi, wakaoa na kuolewa, wakaishi muda wa kawaida, ingawa mgongo uliwauma zaidi ya wenzao. Skoliosi haizuii mimba. Siku ya kujifungua amwambie tu mkunga na daktari wa ganzi kwamba ana mpindo. Shangazi na mashemeji nao waambiwe hivyohivyo, kabla hawajaanza kumwita kwa jina la mgongo wake.

Filamu za radio zihifadhi zote, zikiwa zimelala kwenye bahasha kavu juu ya kabati, mbali na paa linalovuja, kila moja na tarehe na namba ya nyuzi kwa kalamu isiyofutika. Zibandike dirishani mchana uzipige picha kwa simu, umtumie na ndugu mmoja anayeishi nyumba nyingine. Nyumba za Kadutu zinaungua na udongo unaporomoka, na daktari wa mwaka kesho hawezi kulinganisha kitu asichokiona.